Karata mbili mkononi: ree na jeki, majeki mawili na mitihani mengine

Mwezi huu barua karibu zote za poka. Nilitaraji bao, nilitaraji keram, lakini vijana wa mahoteli washaambukizana na sasa ugonjwa umevuka bahari umefika mpaka Pemba, sawa, tucheze hiyo hiyo. Nimezichagua zile zinazouliza jambo moja, zile karata mbili za mwanzo ambazo si nzuri za kukutoa jasho wala si garasa za kutupa bila kufikiri, uingie nazo au usiingie.

Maneno tukubaliane kabisa tusije tukapotezana. Ree ndo A, kingi K, kwini Q, jeki J, na ukubwa unashuka kwa mpango huo huo. Kete zilizokusanyika katikati ya meza tuite bakuli. Vianzio ni kete za lazima wanazoweka watu wawili wa kushoto kwa mgawaji kabla hawajaona kitu, mmoja kidogo mmoja kikubwa. Flopu ni zile karata tatu zinazofunuliwa pamoja katikati, halafu inakuja ya nne, halafu ya tano, na kila mtu anatengeneza karata tano bora katika saba. Na msaidizi ni ile karata yako ya pili, inayoamua mkiwa mna jozi sawa. Twende.

Asalam aleikum Ami. Mie nipo hoteli huku Nungwi, tukimaliza shifti tunakaa watu tisa nyuma ya jiko tunacheza poka kwa kete za bao, hela hamna. Mtihani wangu ree na jeki. Kila nikipewa napandisha, kwenye flopu inashuka ree, nafurahi, nakwenda nayo mpaka mwisho, mwenzangu anafunua ree na kingi au ree na kwini. Washaniita Jeki jiko zima. Jee nna mkosi? (Mpishi, Nungwi)

Wa aleikum salaam. Mkosi huna yakhe, ila hukuniambia ulikuwa umekaa kiti gani, na mie hilo ndo la kwanza ningekuuliza kabla ya karata zenyewe.

Skiliza hesabu, haichukui mda. Ukishashika ree moja na jeki moja, zimebaki karata 50, na katika karata 50 inapatikana michanganyiko 1,225 ya mbili mbili. Sasa tuhesabu zinazokuumiza kweli: maree mawili ipo michanganyiko 3, majeki mawili 3, makingi 6, makwini 6, ree na kingi 12, ree na kwini 12. Jumla 42. Kwa mtu mmoja hiyo ni kama 3.4 katika mia, si kitu, mtu anaweza akadharau. Lakini mko tisa, na ukiwa wewe ndo wa kwanza kusema nyuma yako wapo watu wanane hawajasema neno, na ukiwajumlisha wote wanane inakuwa karibu mara 1 katika kila 4 yupo mmoja wao kashika kitu katika hivyo sita. Sasa hiyo ree na jeki ile ile ije ukiwa kwenye kiti cha mgawaji, wengine wote washatupa, wamebaki wawili tu wa vianzio, hapo ni mara 1 katika 15 hivi. Karata hazijabadilika hata nukta, umebadilika wewe pa kukaa.

La pili, na hili ndo linalokumaliza wewe hasa. Jiulize kabla hujaingia, nikipata ninachokitaka nani atanilipa? Ree ikianguka kwenye flopu na wewe ukaweka kete nyingi, yule mwenye kwini na kumi anatupa, yule mwenye manane mawili anatupa, wanaobaki kukufuata mpaka karata ya tano ni nani kama si wenye ree, na mwenye ree aliekubali kuingia wakati wewe ushapandisha kutoka kiti cha mbele, msaidizi wake mara nyingi ni mkubwa kuliko jeki wako. Kwahio ukishinda unashinda vianzio na vijisenti, ukipoteza unapoteza bakuli zima. Mbele ya ree na kingi wewe una kama robo tu ya kushinda.

Tena cha kuchekesha, ree na jeki inapendeza zaidi ikianguka jeki kuliko ikianguka ree. Flopu ije jeki, saba, tatu, hapo una jozi ya juu na msaidizi wako ni ree, hakuna msaidizi wa kukupita, na wenye kingi na jeki, kwini na jeki, jeki na kumi wote watakuja wenyewe kukulipa. Watu wakiona ree mkononi macho yote kwenye ree, jeki wanamuona mpambe tu.

Kwahio mie ningefanya hivi. Meza ya watu tisa, viti viwili vitatu vya mwanzo, naitupa bila kujuta. Viti vya mwisho hakuna alieingia, napandisha. Kama mbele yangu kapandisha yule mtu wenu ambae kwa usiku mzima anaingia mara mbili, naitupa hata kama nipo kiti kizuri, na kama aliepandisha ni yule anaependa kupandisha kila karata anayoiona basi namfuata au nampandishia juu. Na ree ikianguka naweka kete mara moja, kidogo, nikifuatwa napunguza kasi, nataka bakuli libaki dogo mpaka tufunue. Kuweka tena na tena na tena pale ni kumlisha mwenzako.

Na hayo hayo niliyosema ya ree na jeki yachukue uyapeleke kwa kingi na jeki, kingi na kumi, kwini na jeki za aina mbali mbali, zote ukoo mmoja. Zinavutia kwa vile zina picha picha. Ree na kumi ndo usiseme.

Ami, mie na kaka yangu hatusemezani tokea juzi. Yeye anasema ree na kingi ndo karata bora baada ya maree na makingi, mie nasema ni garasa lililovaa suti maana hata jozi ya mbili inaipiga. Nani mkweli? (Mdogo mtu, Wete)

Nyote, na semezaneni kwanza.

Wewe una ukweli wa mezani: mbili mbili dhidi ya ree na kingi, mkimwaga kete zote kabla ya flopu, jozi inashinda kama mara 53 kwa 47. Makwini mawili yanashinda 57 kwa 43 hivi. Na ree na kingi inakosa jozi kwenye flopu karibu mara mbili katika tatu, kwahio mtu akisema imemtia hasara mie simkatalii.

Ila kaka yako ana ukweli mkubwa zaidi kidogo. Angalia hivi, dhidi ya jozi zote hizo anapoteza kwa kidogo tu, lakini dhidi ya ree na kwini, ree na jeki, kingi na kwini, anawapiga karibu mara tatu katika nne. Na ukishashika ree moja na kingi mmoja mkononi ushawapunguzia wenzako: maree mawili yaliyokuwa na michanganyiko 6 yamebaki 3, makingi vile vile yamebaki 3. Yani zile jozi mbili zinazomtesa kweli kweli umezikata nusu kwa kuwa umeshika wewe. Ndo maana wanaojua wanaipandisha kwa nguvu kabla ya flopu badala ya kuifuata fuata kinyonge, wanataka mwenye mbili mbili atupe saa hizo hizo, asipate nafasi ya kushinda hiyo 53 yake. Ukisubiri flopu na ikakukosa unabaki na ree ya juu tu na aibu.

Mwambie kaka asiing'ang'anie ikikosa. Mara moja unaweka baada ya flopu kujaribu, wakikataa kutupa, achia.

Kama karata zangu zote mbili kopa naingia hata kama ni kingi na tatu, kwa vile naweza kupata flashi (karata tano zote aina moja). Sahihi? (Mwanafunzi, Chukwani)

Hapana mwanangu. Flashi kamili kwenye flopu ni mara 1 katika 118 au 119, na mpaka karata ya tano ukiivumilia yote ni kama 6 na kitu katika mia, na mara nyingi ushalipa ada njiani. Kuwa aina moja kunaongeza ushindi kidogo, kama 2 au 3 katika mia tu. Ni kitu cha kuamua baina ya karata mbili zinazofanana, ree na tano za uru dhidi ya ree na tano mchanganyiko, si cha kufufua maiti. Na ukiipata hiyo flashi ya kingi ujue mwenye ree ya kopa yupo anakungoja.

Asalam aleikum. Mie ni mwanamke nacheza na mume wangu na mashemeji hapa Chake, naomba usiniambie nikapike. Jozi ya majeki naichukia. Ikija najua ntalia. Nikipandisha sana wanatupa wote, nikipandisha kidogo wanaingia wanne na inashuka kwini au kingi. (Shemeji mtu, Chake Chake)

Wa aleikum salaam bi mkubwa, nani akwambie ukapike, nahisi wao ndo wakapike maana barua yako ndo imeandikwa vizuri kuliko zote.

Majeki mawili yana hesabu moja ya kuudhi: mara 57 katika mia flopu itakuwa na angalau karata moja kubwa kuliko jeki. Kwa makwini mawili inakuwa 41, kwa makumi mawili inapanda karibu 70. Kwahio usiichukulie kama ajali kila ikitokea, ndo kawaida yake, zaidi ya nusu. Ukiijua mapema hutalia, utakuwa ushapanga.

Ulichokiona kuhusu watu wanne ni kweli tupu. Hata maree mawili, mfalme wa karata zote, mbele ya mtu mmoja alieshika chochote yanashinda kama 85 katika mia, mbele ya watu wanane yanashuka mpaka kwenye 35 hivi. Sasa majeki si ndo zaidi. Kwahio baina ya makosa yako mawili, lile la kupandisha sana wakatupa wote si kosa, umechukua vianzio bila jasho, unalia nini? Pandisha kama mara tatu ya kianzio kikubwa, na kwa kila shemeji alieingia mbele yako bila kupandisha ongeza kianzio kimoja juu yake. Lengo abaki mtu mmoja, wakizidi sana wawili.

Flopu ikija ndogo, tisa, sita, mbili, weka na weka tena, usiwape karata za bure. Ikija na kwini mmoja na umebaki na mtu mmoja, usikimbie, kwani nani kasema yeye anae kwini? Weka mara moja kiasi cha nusu ya bakuli, atakwambia. Akifuata, karata ya nne gonga meza upite, na akiweka kidogo unaweza kumfuata. Lakini flopu ije na ree na kingi, shemeji mmoja kaweka na mwengine kaongeza juu yake, hapo tupa kabla hawajamaliza kusema. Na kuna hali ya tatu ambayo watu wanaisahau: umepandisha, akakupandishia juu mtu wa kiti cha kwanza ambae hujawahi kumuona akifanya mzaha. Huyo ana makwini, makingi, maree, au ree na kingi. Mbele ya hizo tatu za mwanzo una kama moja katika tano, mbele ya ree na kingi mko nusu kwa nusu, wewe kidogo juu. Kufuata uone flopu kama kete zipo nyingi, sawa. Kumwaga zote, mie sikushauri, mashemeji si watu wa kuamini.

Sisi tunaposhindwa alieshindwa ananunua urojo kwa wote. Kuna mtu kasema hiyo kamari. Ni kweli? (Baraza la Mwembetanga)

Mie fundi wa karata tu. Maysiri, yani kamari, imekatazwa wazi, Suratul Maida aya ya 90, na kama urojo wenu unaingia humo au hauingii muulizeni sheikh wa msikitini kwenu si gazeti. Nyie nunueni urojo kwa zamu, alieshindwa akusanye karata na kuosha vikombe, na ugomvi uishe. Meza ninayoizungumzia mie humu ni ya kete tupu.

Jozi ndogo ndogo, mbili mbili mpaka sita sita, mie naingia nazo siku zote kwa bei yoyote maana nikipata ya tatu ya namna ile ile ndo nawafilisi. Lakini mwisho wa usiku kete zangu zimekwisha na sijui zimekwenda wapi. (Mvuvi, Jambiani)

Zimekwenda kwenye hiyo "bei yoyote".

Ya tatu inaanguka kwenye flopu mara 1 katika 8 na nusu, 11.8 katika mia. Wewe mvuvi, dema unalitega unakwenda zako, huliongezi chambo kila dakika kwa hasira. Jozi ndogo ndo hivyo hivyo, unalipa kidogo, flopu haijaleta unaondoka. Sasa "kidogo" ni kiasi gani? Kama kufuata kunakugharimu kete 20, mara saba na nusu utazipoteza hizo 20 kwa kila mara moja utakayopata, yani kete 150, kwahio siku unayopata lazima utoke na zaidi ya 150 ndo uanze kuona faida. Na si kila ukipata mwenzako atakulipa, na siku nyengine na yeye anapata tatu kubwa kuliko zako. Ndo maana kawaida wanasema yule unaemfuata awe na angalau mara 15 ya unacholipa, wengine wanataka 20. Mtu kabakiwa na kete 100, kapandisha 20, wewe unafuata na tatu tatu kwa kutaraji kumfilisi, umfilisi nini? Hana.

Na mwangalie mtu mwenyewe. Anaeng'ang'ania jozi yake ya maree mpaka kiama, huyo ndo wa kumfuata na jozi ndogo. Anaetupa akitishwa tu, huyo hata ukipata tatu tatu tatu utabaki nazo unazitazama.

Doyle Brunson alichukua ubingwa wa dunia kwa karata ya kumi na karata ya mbili! Kwanini mie nikicheza kumi na mbili mnanicheka? (Kijana wa Michenzani)

Kweli, tena mara mbili, 1976 na 1977, kule Las Vegas kwenye World Series of Poker, miaka miwili mfululizo mkono wa mwisho ulikuwa kumi na mbili na mara zote mbili ikatoka fulhausi (tatu za namna moja na jozi juu yake). Karata hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Lakini kijana, mkono wa mwisho wa mashindano wanakuwa wamebaki watu wawili, kila mkono unalipa kianzio upende usipende, na watu wawili wanaingia na vitu ambavyo kwenye meza ya tisa usingevigusa. Wewe unaicheza wa kwanza kusema na watu wanane nyuma yako. Tutaendelea kucheka.

Ami, huku Mkoani tunafanya mashindano, kila mtu anaanza na kete sawa na vianzio vinapanda kila nusu saa. Mie nasubiri karata nzuri kama ulivyofundisha, nikija kushtuka nimebakiwa na vianzio vikubwa vinane tu. Hapo ree na jeki nafanyaje, bado natupa? (Fundi cherehani, Mkoani)

La, hapo nafuta nusu ya niliyomwambia mpishi wa Nungwi. Yale ni ya mtu mwenye kete nyingi ambae ana cha kupoteza baada ya flopu. Wewe una vinane, ukipandisha vitatu halafu ukatupa ushapoteza zaidi ya theluthi ya uhai wako kwa kutazama. Ukishuka chini ya vianzio vikubwa kumi una mambo mawili tu, unamwaga zote au unatupa, hakuna kufuata na hakuna kupandisha nusu nusu. Ree na jeki unamwaga karibu kiti chochote. Jozi yoyote kuanzia viti vya katikati unamwaga, na vya mwisho hata ree na karata ndogo. Sababu ni kwamba anaemwaga ana njia mbili za kushinda, wote watupe uchukue vianzio, au wakufuate na karata zikusimamie, na anaefuata ana njia moja tu. Kwahio kingi na jeki kiti cha mgawaji wote washatupa, mwaga, ila kingi na jeki hiyo hiyo kama kuna mtu mbele yako keshamwaga zake, tupa, maana unajipeleka kwa mwenye ree.

Na usingoje mpaka vianzio vikubwa vibaki vitatu. Kwa vinane au saba watu bado wanaogopa kukufuata, kwa vitatu yule wa kianzio kikubwa atakufuata na chochote alichonacho, hata kumi na mbili ya yule kijana wa Michenzani.